Siku ya 18 bila picha

Leo ni siku ya 18 tangu kiuno kinishike. Tulikuwa tunaingiza magunia ya mahindi stoo, la nne likanigeukia. Nikasikia kitu kimevutika upande wa kushoto, nikabaki nimeinama, nimeshika ukuta. Usiku ule hata kujigeuza kitandani nilishindwa.

Kwa daktari nilikwenda nikiwa nimeshaamua: nataka MRI, ile picha ya kuona ndani ya mgongo. Hela nilishakopa kwa shemeji.

Daktari akaanza na maswali. Mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi makalioni au mapajani kwa ndani? Homa je? Umepungua uzito, unatokwa jasho usiku? Kumbe kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo. Akanilaza, akainua mguu ukiwa umenyooka, akanigonga goti kwa kinyundo, akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole.

"Vipimo ndiyo hivyo, dada. Huu ni msuli."

"Na picha?"

"Zikipita wiki 6 bila nafuu, tutazungumza. Ila mguu ukilegea, ukapata ganzi huko nilikokuuliza au mkojo ukagoma, njoo siku hiyohiyo."

Niliumia. Niliona nimedharauliwa. Labda aliliona usoni, maana alivuta kiti akanieleza kwamba ukiwapiga picha watu wa miaka 50 wasioumwa mgongo hata kidogo, kama 80 kati ya 100 diski zao, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zitaonekana zimechakaa. Picha ingeonyesha kitu, na kitu hicho huenda kisingehusiana kabisa na gunia langu.

Hapo nikamkumbuka mama. Bahasha yake ya kaki yenye picha ya mgongo iko juu ya kabati miaka yote hii. Aliambiwa "pingili zimesagika", basi, akaruhusiwa kwenda. Alikuwa na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Tangu siku ile hainami, hata kijiko kikianguka anamwita mjukuu. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchakaa kule huja na umri kama mvi. Hilo linaniuma kuliko kiuno changu.

Dawa za maumivu nilimeza siku 5 tu. Natembea kila asubuhi. Mwanzoni mpaka kwenye mwembe, leo mpaka sokoni na kurudi. Hela ya shemeji nimeirudisha.

Jioni nimempigia mama. Nimemwomba Jumamosi twende wote kliniki wampime kwa mikono, wamweleze vizuri, halafu tuone kama tunaweza kuanza na tuta moja. Akanyamaza kidogo.

"Njoo na mbegu," akasema. "Za huku zimeisha."