Kumfundisha Mfanyakazi Mpya wa Dukani Huku Wateja Wakisubiri

Nilipewa jukumu la kuwafundisha wafanyakazi wapya bila kupunguziwa kazi yangu ya kawaida ya keshia, na hali hiyo ndiyo iliyoamua namna nilivyofundisha. Hapakuwa na chumba cha mafunzo wala saa iliyotengwa. Palikuwa na mashine ya malipo, foleni ya wateja, na mtu aliyesimama kando yangu akijaribu kufuatilia mikono yangu. Wengi waliowahi kufanya kazi ya rejareja wanaijua hali hiyo, kwa sababu mara nyingi mgeni wa dukani hafundishwi na mwalimu bali na mwenzake wa zamu. Ninaamini kazi hiyo inastahili kupangwa kwa makini uleule unaotumika kufunga hesabu za siku, maana kosa la mfanyakazi asiyefundishwa vizuri humwumiza mteja na mwenye duka, na humvunja moyo yeye mwenyewe kabla hajaizoea kazi.

Nilianza kwa kuiandika kazi yangu, hatua kwa hatua, nikiwa nje ya zamu. Mtu aliyeifanya kazi kwa muda mrefu hafikirii tena anachokifanya, na kwa hiyo anapoeleza huyaruka yale ambayo mgeni anayahitaji zaidi. Kila hatua niliiandikia pembeni jambo la kuangaliwa, yaani pale ambapo hatua hiyo huharibika, pamoja na sababu yake. Nikitoa mfano wa kupokea fedha taslimu, hatua zenyewe ni chache: kutaja jumla, kupokea, kutoa chenji, kufunga droo. Yanayohitaji kufundishwa hasa yako pembeni. Kiasi alichotoa mteja hutajwa kwa sauti mbele yake. Noti yake huwekwa juu ya droo, mahali inapoonekana, na haiingizwi ndani mpaka chenji imekwisha kukabidhiwa. Na chenji huhesabiwa kuanzia bei ya bidhaa kwenda juu hadi kufikia kiasi kilichotolewa. Sababu ni kwamba mteja akisema alitoa noti kubwa zaidi, noti yenyewe bado ipo mbele ya wote wawili na neno linaishia hapo. Mgeni anayeijua sababu hii haruki hatua hiyo hata foleni inapokuwa ndefu, ilhali yule aliyeamriwa tu kuifanya huiacha mara anapoanza kuharakishwa.

Baadaye nilisoma kwamba utaratibu wa namna hii una historia ndefu. Kati ya mwaka 1940 na 1945 serikali ya Marekani iliendesha mpango mkubwa wa mafunzo kazini, kwa kuwa viwanda vya wakati wa vita vilikuwa vinapokea watu wengi ambao hawakuwahi kuifanya kazi ile. Wasimamizi walifundishwa kufuata hatua nne: kumwandaa mfanyakazi, kumwonyesha kazi, kumwachia aijaribu, na kumfuatilia. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, kwani Charles Allen, aliyehusika na mafunzo ya wajenzi wa meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa ameeleza hatua zinazofanana na hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1919. Mpango huo ulishikilia kwamba mfanyakazi asipojifunza, aliyemfundisha hajafundisha. Kauli hiyo ni kali, lakini nimeikubali, na hunizuia kumlaumu mgeni haraka.

Hata hivyo, duka lina ugumu ambao kiwanda hakina: mteja yupo palepale, na hawezi kusimamishwa ili somo liendelee. Kwa sababu hiyo niliyagawa mafundisho kufuatana na wingi wa wateja. Saa za utulivu nilizitenga kwa mambo mapya, hasa kurejesha bidhaa, kubatilisha muamala na malipo ya kadi yanayokataliwa. Katika saa za msongamano sikufundisha jambo jipya hata kidogo. Nilimpa mgeni kazi anayoiweza tayari, kama kufungasha au kupanga bidhaa karibu na mashine, na nikamwomba aangalie jambo moja tu, kwa mfano jinsi ninavyoshika fedha. Kumwambia mtu atazame kila kitu ni kumwacha asijue atazame nini.

Kuhusu barkodi, yaani ile alama ya mistari yenye namba chini yake iliyochapwa kwenye bidhaa, nilitumia muda mwingi kuliko wenzangu walivyoona inafaa, na bado ninaona ulikuwa muda uliotumika vizuri. Mgeni hufikiri kwamba mashine haikosei, na siku barkodi inapokuwa imekunjamana au imelowa, akalazimika kuandika namba kwa mkono, hukosa la kufanya. Nilimweleza kwamba katika namba yenye tarakimu 13, tarakimu ya mwisho haitambulishi bidhaa, bali huhakiki zile 12 zilizotangulia. Kuanzia kushoto, ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na kuendelea hivyo. Majibu yote hujumlishwa, kisha tarakimu ya mwisho huchaguliwa ili jumla nzima igawanyike kwa 10. Ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mashine inaikataa namba. Lakini hesabu hiyo haizuii kila kosa. Ukizibadilishana nafasi tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6, jumla inaendelea kugawanyika kwa 10 na namba inapita. Kwa hiyo somo halikuwa hesabu yenyewe, bali mazoea yanayotokana nayo: baada ya kuandika namba, soma jina lililotokea kwenye skrini na ulilinganishe na kitu kilichoko mkononi mwako. Mazoea hayohayo humsaidia pia bidhaa inapokuwa imebandikwa barkodi isiyo yake.

Mgeni alipoanza kuhudumia, mimi nilisimama upande wake nikiwa nimeshusha mikono. Hilo lilikuwa gumu kuliko kueleza. Mtu mwenye ujuzi akimwona mwenzake anatafuta kitufe huingiza mkono na kukibonyeza, mteja huondoka mapema kidogo, na mgeni hubaki bila kujua kitufe kilikuwa wapi. Tulikubaliana kabla ya zamu kwamba nitasubiri hadi aniombe, isipokuwa fedha au usalama wa mtu ukiwa hatarini, na kwamba sitamsahihisha mbele ya mteja kwa maneno ya kumwonyesha hajui. Ningegusa meza kwa kidole, naye angesimama aangalie tena. Mteja naye alielezwa waziwazi kwamba mwenzangu anajifunza na kwamba tutachelewa kidogo, na tukamwomba uvumilivu. Nimeona watu wengi wakilainika mara wanapoambiwa ukweli huo; wanaoudhika zaidi ni wale wanaoachwa wakisubiri bila kuelezwa lolote.

Kuna jambo ambalo sikukubali kulilegeza. Mgeni alipaswa kuwa na namba yake ya siri na droo yake ya fedha kabla ya kuhudumia mteja yeyote, hata kama kuipata kulichukua muda. Katika maduka mengi ni kawaida kumfundishia mgeni kwa namba ya mwenyeji ili kazi isisimame, lakini mwisho wa zamu kiasi kinapopungua hakuna anayeweza kuthibitisha kilichotokea, na wawili hao huanza kushukiana. Ninaona huko ni kumtendea vibaya mtu ambaye ndiyo kwanza ameingia kazini.

Kazi ya rafu ilihitaji maelezo machache. Bidhaa ambayo muda wake wa matumizi unakwisha mapema huwekwa mbele, mpya hupangwa nyuma yake, na tarehe husomwa kwenye kila pakiti, kwa sababu shehena iliyofika mwisho huweza kuwa na tarehe ya karibu zaidi kuliko ile iliyotangulia.

Ugumu ambao sikuutarajia ulitoka kwa wafanyakazi wenzangu. Mgeni anayebadilishiwa zamu hukutana na wenyeji kadhaa, na kila mmoja ana njia yake ya kurejesha bidhaa, ya kupanga noti kwenye droo, hata ya kumkaribisha mteja. Mgeni hudhani amekosea, kumbe amefuata alichofundishwa jana na mtu mwingine. Nilimwomba msimamizi wa zamu atukutanishe, tukayapitia yale niliyokuwa nimeyaandika, na tukakubaliana njia moja kwa yote yanayogusa fedha na usalama, huku mengine tukimwachia kila mmoja mtindo wake. Baadhi ya hatua zangu zilibadilishwa na wenzangu, nao walikuwa na sababu nzuri. Katika kikao hichohicho nilieleza pia kwamba anayefundisha hawezi kupimwa kwa kasi ileile ya kuhudumia wateja, na tukaafikiana kwamba zamu ya mafunzo isiingizwe kwenye upimaji huo.

Kumfuatilia mgeni ndiko kunakosahaulika haraka. Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha utafiti wake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau huwa kwa kasi zaidi muda mfupi baada ya kujifunza, kisha hupungua kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo kila zamu iliyofuata niliianza kwa kumwomba mgeni anifundishe mimi lile alilojifunza zamu iliyopita, kwa mikono na kwa maneno, akieleza na sababu. Alipoitaja hatua akaikosa sababu, nilijua bado hajaimiliki, nikairudia hapohapo kabla milango haijafunguliwa.

Kabla ya kumwachia mashine peke yake sikumpima kwa kasi. Nilimuuliza angefanya nini mteja akikataa bei iliyotokea kwenye skrini, akirudisha bidhaa bila risiti, au akibadilisha noti katikati ya kuhesabiwa chenji. Nilichokitafuta katika majibu yake kilikuwa pale anaposimama: kwamba angefunga droo kwanza, amwombe mteja radhi, na amwite msimamizi bila kuona aibu. Aliyejibu hivyo nilimkabidhi ufunguo wa droo yake na kuhamia mashine ya pili, karibu kiasi cha kuisikia sauti yake akiniita.