Siku yangu moja ya kutafuta herufi za jarida, hapa Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Kuko umeme, nawasha ordinateri mbio kabla haujaenda. Niko natengeneza jarida la kurasa 48, Kifaransa na Kiswahili ndani, na leo lazima fonti, yaani aina ya herufi, ijulikane.

Saa mbili. Zimebaki tatu, zote serifu, zile zenye vijiguu kwenye ncha. Garamond, umbo lake linatoka Paris ya karne ya 16. Bodoni ya Parma, mistari minene inakutana na miembamba kama unywele. Na Charter, Matthew Carter aliichora 1987 akifikiria maprinta dhaifu ya wakati ule, njo maana haina kitu chembamba cha kupotea.

Saa nne niko imprimeri, pale wanachapa, komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Papa wa mashine hataki hata kuona skrini, anasema mwanangu tuchape kwanza, basi tunachapa ukurasa uleule kwa zote tatu, ukubwa wa herufi pointi 9.5, kwenye karatasi ya bei ya chini tutakayotumia, ile inakunywa wino. Apo sasa kila kitu kinaonekana! Tazama "nimemnunulia" kwa Bodoni: ile mistari ya kuunganisha m na n na u imekatika, inabaki vijiti vimesimama tu, jicho linahesabu badala ya kusoma. Garamond naipenda sana, lakini kijicho cha e ni kidogo, wino umekiziba, "wenyewe" ina madoa matatu. Charter imesimama safi. Shida yake ni upana, na maneno yetu ni marefu, safu inajaa haraka, ila herufi zake ndogo zina kimo kizuri, kwa hiyo nashusha mpaka 9 na bado inaonekana kubwa kuliko Garamond ya 9.5.

Saa saba nakula, bukari (ugali) na sombe (kisamvu).

Saa nane. Mama mhariri anataka Garamond. Namwambia, mama, soma zote mbili hapa dirishani bila miwani. Anasoma, anarudia, anasema sawa, Charter, lakini mashairi uniachie Garamond. Namwachia kwa furaha, pointi 12 ile e inapumua. Bodoni inaenda kwenye vichwa vikubwa, pointi 40, kule inang'aa kabisa.

Saa kumi na moja. Nanyoosha alama ya ng' kila mahali, na nazima ukataji wa maneno wa Kifaransa kwenye kurasa za Kiswahili, maana ulikuwa unakata "wanapen-dana" badala ya "wanape-ndana". Faili imetumwa kwa papa.