Hesabu za kikoba

Mwaka 2008 nilikuwa Morogoro na kompyuta yangu ya mtumba yenye kioo cha chogo. Windows iliyokuwemo ilikuwa imeliwa na virusi hata ikawa haifunguki. Rafiki akanipa CD ya Ubuntu 8.04, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, moja ya zile CD zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta. Nikaijaribu kwanza kwenye CD yenyewe, ilipokubali nikaiingiza moja kwa moja.

Zikalia ngoma, akatokea ndege mwenye shingo ndefu juu ya rangi ya kahawia. Basi. Hakuna kingine! Mkono wangu, kwa mazoea, ukakimbilia pembe ya chini kushoto kutafuta kitufe cha Start. Kumbe pale pana kitufe cha kuficha madirisha yote. Menyu zilikuwa juu, na mimi siku nzima nabonyeza chini.

Wiki hiyohiyo Mama Mkubwa akaja na daftari la kikoba chao. Alitaka hesabu zichapwe, akakaa ubavuni kwangu akisoma jina moja moja: hisa, mkopo, faini. Tulikuwa tumefika kama mwanachama wa ishirini hivi, nikasogeza kipanya kwenye pembe ya kulia, kidole kikagusa gurudumu lake. Orodha yote ikapotea. Hata kwenye ule mstari wa chini, ambako madirisha yaliyo wazi huonyesha majina yao, palikuwa patupu.

"Imekwenda wapi?"

"Subiri kidogo, Mama."

Sikuwa nimehifadhi hata mara moja. Jasho likanitoka. Nikawa nimeshainama chini ya meza nichomoe waya (dawa yetu ya kila ugonjwa enzi zile), ndipo mpwa wangu wa miaka saba akashika kipanya. Pale pembeni palikuwa na visanduku vidogo ambavyo mimi nilividhania mapambo. Akabonyeza kimoja, orodha ikarudi na faini zake zote.

Nikamweleza Mama Mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo, kwamba kompyuta hii ina meza zaidi ya moja: ukihama meza, kazi inabaki pale ulipoiacha. Akanitazama kwa muda, kisha akalivuta daftari lake na kulitia kwenye mkoba.

"Sawa, mwanangu. Malizia. Lakini hili naondoka nalo."