Nürnberg, mji wa faru ambaye mchoraji hakumwona

Ukitoka kituo kikuu cha treni cha Nürnberg unaingia mji wa kale mara moja, na kuanzia hapo njia inakwenda ikipanda hadi kasri lililo juu ya kilima. Nilikuwa na shemeji yangu anayeishi München, aliyeomba ruhusa kazini anisindikize. Tulivuka mto Pegnitz, tukapita sokoni, tukapanda. Majengo mengi yanayoonekana ya kale yamejengwa upya, maana mabomu ya Januari 1945 yaliuteketeza mji huu. Nyumba niliyoifuata ilisalimika: jengo refu la mawe na mbao karibu na lango la Tiergärtnertor. Mchoraji Albrecht Dürer aliinunua mwaka 1509, akaishi humo hadi alipofariki 1528.

Wengi humpenda Dürer kwa picha zake za rangi. Mimi nilimfuata kwa ajili ya uchapaji. Gutenberg alipochapa Biblia yake kule Mainz katika miaka ya 1450, Nürnberg ilikuwa na karatasi tayari, kwani Ulman Stromer alianzisha hapa kinu cha karatasi mwaka 1390, cha kwanza Ujerumani. Dürer alizaliwa 1471, mtoto wa sonara, na aliyemsimamia ubatizo ni Anton Koberger, ambaye baadaye alikuwa mchapaji mkubwa kuliko wote mjini. Mwaka 1493 Koberger alichapa historia ya ulimwengu iliyoandikwa na Hartmann Schedel: picha zaidi ya 1,800, zilizotokana na mbao 645 tu zilizochongwa. Uso mmoja ulipewa wafalme kadhaa, na mandhari moja ikaandikiwa majina ya miji mbalimbali. Karakana iliyochora picha hizo ilikuwa ya Michael Wolgemut, na humo ndimo Dürer alimojifunza kazi.

Mwaka 1498 Dürer alitoa mwenyewe Ufunuo wa Yohana, chapa 15 za mbao zinazojaza ukurasa mzima, maandishi yakiwa upande wa nyuma. Nilisimama mbele ya wale wapandafarasi wanne kwa muda mrefu. Sijui picha nyingine ya mistari mitupu inayokwenda kwa kasi namna ile.

Ndani ya nyumba kuna chumba chenye mtambo wa mbao wa kuchapia, na mama mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni kazi inavyofanyika. Fundi huondoa kila kisicho mstari ili mstari ubaki umeinuka, kama wachongaji wa milango ya Zanzibar wanavyoliacha ua lichomoze juu ya ubao. Kisha wino unapakwa, karatasi yenye unyevunyevu inalazwa juu, skrubu inakazwa. Alipoibandua karatasi sote tulisogea. Akatukumbusha kwamba mara nyingi Dürer alichora tu, na kuchonga kukawa kazi ya mafundi wengine ambao majina yao hayakuwekwa kwenye chapa.

Halafu faru. Shemeji aliitazama nakala yake akaniuliza, "Shemeji, huyu ni wa kwetu?" Si wa kwetu. Wa kwetu ana pembe mbili puani. Huyu ana moja, na nyingine ndogo imemwota begani, mahali ambapo hakuna faru yeyote duniani mwenye pembe. Ngozi yake imechorwa kama mavazi ya chuma ya askari, na miguu ina magamba. Mnyama mwenyewe alitoka Gujarat, zawadi ya sultani kwa Wareno. Meli iliyomchukua ilipitia Msumbiji, ikatia nanga Lisbon Mei 1515. Barua na mchoro vikafika Nürnberg, na Dürer akafanyia kazi hivyo tu. Hakumwona faru hata siku moja. Desemba 1515 faru alipelekwa kwa Papa Leo X, mwanzoni mwa 1516 meli ikazama karibu na pwani ya Italia, naye akafa maji. Lakini ile chapa ilikwishasambaa. Mwaka 1551 Conrad Gesner aliitia katika kitabu chake cha wanyama, na hadi karne ya 18 Wazungu wengi walimjua faru kwa sura hiyo, pembe ya begani ikiwemo. Mchoro wa mkono ungekosewa mara moja, mahali pamoja. Uchapaji uliupa kosa hilo maelfu ya mashahidi wanaofanana.

Chapa za Dürer ziliuzwa sokoni, na mkewe, Agnes, alizipeleka hadi gulio la Frankfurt. Waigaji nao hawakukosa. Mwaka 1512 baraza la mji lilimwamuru mgeni aliyekuwa akiuza chapa zenye alama bandia ya A na D, herufi za jina la Dürer, aiondoe alama hiyo. Kuiga picha kwenyewe hakukukatazwa. Kilicholindwa ni jina la mtu.

Tulirudi kwa njia ya Augsburg, mji wa mchoraji Hans Burgkmair, na hapo moyo wangu ulikuwa mzito. Balthasar Springer, wakala wa matajiri wa Kijerumani, alisafiri na meli za Francisco de Almeida zilizoipora Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi uliofuata. Kutokana na safari hiyo Burgkmair, aliyebaki kwao, alichora mwaka 1508 mfululizo wa chapa za watu wa Guinea, Allago (kusini mwa Afrika), Arabia na India. Aliwachora kwa heshima, wazazi na watoto wao, miili ya kibinadamu kabisa, na kwa wakati ule hilo si dogo. Ila Kilwa haimo katika majina yale, wala nyumba zake za mawe, wala msikiti wake mkubwa. Springer alifika huko. Wajerumani waliozinunua chapa hizo hawakuuona mji.

Nilimwambia shemeji kwenye treni kwamba nakala za chapa hizo zingepaswa kutundikwa Kilwa Masoko, wanapokatia wageni vibali vya kuvuka kwenda magofuni. Akasema Fort Jesus nako wanazihitaji. Tukaanza kujadili nani wa kuandikiwa barua kwanza.