Neno la Shemeji limenikaa kooni

Wiki nzima neno la Shemeji limenikaa kooni. Mdogo wangu amepata ajira ya ualimu Kasulu, harusi ya Buhanda tumeimaliza salama, printa kubwa ya ofisini imekufa na kufufuka, na katika yote hayo mimi nawaza maneno yaliyosemwa Jumapili sebuleni kwetu Mwanga, sahani za ugali na migebuka zikiwa hazijaondolewa mezani.

Mama Mdogo wa Ujiji mnamjua. Tangu astaafu ualimu ameshika kazi ya kadi za harusi na kicheni pati, na GIMP, programu ya bure ya kutengeneza picha niliyomwekea kwenye laptopu, haikumshinda. Leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, anazijua. Anamkata bibi harusi kutoka kwenye picha ya ukutani na kumweka katikati ya maua, hata nywele zinatoka safi. Jumapili akamweleza Shemeji shida yake, maana Shemeji ndiye msomi wetu wa kompyuta na mtu wa programu huria kindakindaki, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha.

"Mwanangu, nikimaliza kadi nasevu. Nikimtumia mteja kwenye WhatsApp, ananiambia haifunguki. Na mashine imeniambia imesevu. Sasa imesevu nini?"

Shemeji akacheka kidogo. "Mama, ile ni ya bure. Kitu cha bure hakilalamikiwi. Asiyekipenda atengeneze chake."

"Sikusema sikipendi," akajibu Mama Mdogo. Halafu akaomba maji ya kunawa.

Ni hayo tu. Nimeyarudia nikikata kadi, nikiwa kwenye bajaji, nikipika. Mara nyingine nampa Shemeji sauti ya upole, kwa sababu si mtu mbaya. Shikamoo yake kwa Mama Mdogo haijawahi kukosekana. Mara nyingine nasikia lile "asiyekipenda" peke yake, na damu inachemka. Nani alisema hakipendi? Mtu anayelalamika kwamba kadi haifunguki amekaa na hiyo programu mpaka usiku wa manane. Asiyeipenda aliiacha zamani, wala humsikii.

Na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Tangu toleo la 2.8, mwaka 2012, ukisevu kwenye GIMP unapata faili la XCF tu, aina ya faili ya GIMP yenyewe, lenye leya zote ndani yake. Ukitaka JPEG au PNG, picha za kawaida zinazofunguka kwenye simu, unakwenda kwenye amri nyingine, ya kueksipoti. Sababu ipo na naikubali: JPEG inazigandamiza leya zote kuwa picha moja na kutupa sehemu ya taarifa, kwa hiyo watengenezaji hawakutaka kazi ihesabike imehifadhiwa huku imepoteza vitu. Mimi ninayerudi kwenye kadi kila ukumbi unapobadilishwa, XCF imeniokoa sana. Lakini mteja wa Mama Mdogo ameshika simu, na simu yake haiijui XCF. Wote wawili tuna haki. Wapo watumiaji wengi walioyalalamikia mabadiliko yale, na leo ukijaribu kusevu JPEG, onyo linalotokea lina njia ya kukupeleka moja kwa moja kwenye kueksipoti. Naamini kuna mtu aliyesikia.

Halafu hilo la bure. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari za Blender, programu ya michoro ya 3D: kampuni iliyokuwa nayo ilipofungwa, mwanzilishi wake Ton Roosendaal akapatana na wawekezaji kwamba zikipatikana yuro 100,000 programu iachiwe huru, na mwaka 2002 watu wakazichanga ndani ya wiki saba. Kwa hiyo watumiaji waliilipia. Na programu hiyohiyo kwa miaka mingi ilichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha mausi, wageni wakitaabika, mpaka toleo la 2.80 la mwaka 2019 lilipoweka cha kushoto kuwa cha kawaida. Je, wote waliotaabika walipaswa kunyamaza?

Najua wanaotengeneza vitu hivi wengi wanajitolea, jioni baada ya kazi zao, na matusi ya watu yanawavunja moyo. Matusi siyatetei. Ila mtengenezaji anaijua njia kwa miguu yake mwenyewe. Shimo anayelijua ni mgeni aliyetumbukia.

Nilidhani nitaandika kwa hasira hadi mwisho. Lakini leo mchana Mama Mdogo kaja ofisini na daftari la mistari. Ameandika kama alivyokuwa akiandaa somo: alichotaka kufanya, alichobonyeza, alichotegemea kuona, alichokiona. Kwa kalamu nyekundu amepigia mstari kila mahali alipokwama. Lawama hamna hata moja. Nimesimama kaunta nikisoma huku mteja wa kutoa kopi akinisubiri, na nimefurahi kwa namna ambayo sijafurahi hata kwenye harusi. Hiyo ndiyo taarifa ambayo watengenezaji huwaomba watu, hatua kwa hatua, na yeye hakufundishwa na mtu.

"Mama, hii naituma kwao."

"Itume, lakini nisahihishie kwanza, wasije wakasema mwalimu hajui kuandika."

Hakuna cha kusahihisha. Usiku huu naitafsiri, naambatisha na picha za kurasa zenyewe, kisha nampelekea Shemeji aupitie Kiingereza changu. Nataka yeye awe wa kwanza kuisoma, mpaka pale penye wino mwekundu.

Jambo jingine la mwisho: mama yangu mzazi kapanda treni ya Tabora na simu yake haipatikani tangu Uvinza. Mtandao wa huko naujua, hilo halinitishi. Kinachonitisha ni dawa zake za presha, nimezikuta juu ya friji sasa hivi. Kama kuna msomaji aliye Kaliua au Urambo, karibu na stesheni, naomba anipigie.