Makanisa ya Ouro Preto na Mikono Iliyoyajenga

Sisi tuliokulia Mbeya tumezoea milima, baridi na habari za dhahabu ya Chunya, kwa hiyo Ouro Preto, mji wa kale wa wachimbaji katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, haukunitisha kwa miinuko yake, ingawa barabara zake za mawe ni kali kiasi kwamba hata aliyezoea kupanda mlima Loleza atasimama njiani avute pumzi. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1711 ukiitwa Vila Rica, nao Wareno waliwaleta Waafrika watumwa kwa maelfu kuchimba dhahabu, ambayo sehemu yake moja ya tano ilidaiwa na mfalme wa Ureno.

Wageni hupelekwa kwanza katika kanisa la Nossa Senhora do Pilar, ambalo ndani yake linang'aa dhahabu kila upande. Mimi sikukaa sana humo. Nilikaa São Francisco de Assis, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1766, nikitazama juu ya mlango michongo ya Aleijadinho, fundi ambaye mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika. Jiwe alilotumia ni laini, la rangi ya kijivu, na mikunjo ya nguo za watakatifu imechongwa kwa wembamba unaomfanya mtu atamani kuigusa. Ndani, kwenye dari, Manuel da Costa Ataíde alimchora Bikira Maria akiwa na sura ya chotara, amezungukwa na malaika wanaopiga vinanda. Nilishukuru mno kuiona sura hiyo mahali pa juu namna ile.

Hata hivyo, kanisa lililonigusa kuliko yote ni Santa Efigênia, lililojengwa kilimani na chama cha waumini weusi, watumwa na walioachwa huru, kwa heshima ya Mama wa Rozari na ya mtakatifu huyo wa Ethiopia. Wenyeji husimulia kwamba wanawake walificha vumbi la dhahabu katika nywele zao, wakaja kuziosha kanisani ili dhahabu hiyo isaidie ujenzi. Hakuna anayeweza kuithibitisha simulizi hiyo, lakini kanisa lenyewe lipo. Waongozaji wengi huliacha kwa sababu ya mwinuko, jambo ambalo naona si haki. Mtanzania atakayefika Ouro Preto aanzie huko, kisha ndipo ateremke kwenda Pilar.