Kihispania bila kupitia Kiingereza

Jamani, mnaojifunza Kihispania kwa vitabu vya Kiingereza, poleni. Mdogo wangu hapa Mtwara anataka kutembeza watalii Mikindani, basi jioni hii tumekaa barazani na daftari lake. Kiingereza kina "time" moja tu, kitabu kinampa tatu: hora, tiempo, vez. Kakuna kichwa weee! Nikamwambia achana na Kiingereza, anzia kwenye Kiswahili. Saa ngapi? Hora. Sina muda? Tiempo. Mara tatu? Tres veces. Zimelingana kabisa, kamaliza ukurasa anacheka.

Kasheshe ikaja kwenye "fish". Akiwa hai majini ni pez, akishavuliwa awe kitoweo ni pescado. Sisi samaki ni samaki tu, hata akiwa kwenye kikaango. Sasa dogo kauliza: yule changu pale feri anayerukaruka kwenye beseni, na bei keshapangiwa, ni yupi? Mie nasema pescado, maana keshavuliwa. Yeye kang'ang'ania pez, eti bado anahema. Wajuzi wa Kihispania njooni mtuamulie, huyu hataki kulala.